Kifungu cha Kunyamaza

Mtaa wa Sycamore,
Tillery Bluff, Arkansas.
Juni 14.

Mpendwa Shangazi Verdell,

Habari za huko mbali? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na binamu Jerusha na yule paka wenu mzee. Mama aliniambia uliteleza kwenye barafu ukaumia goti. Je, limepona? Bado wanakupa zamu za usiku hospitalini, au wamekuonea huruma? Nasikia kwenu Alaska mwezi huu jua halizami. Nimejaribu kufikiri mnalalaje, na nimeishia kuota kwamba mnalala mmefumba macho mkitabasamu, kama watu wanaopigwa picha.

Sisi hatujambo. Bega la Baba lina siku zake nzuri na siku zake mbaya, na wiki hii ni nzuri. Mama analalamika joto, kwa hiyo yeye ni mzima kabisa.

Nilimaliza shule mwezi uliopita. Asante sana kwa hereni, nilizivaa siku ya sherehe. Nilipopanda jukwaani Baba alipiga mluzi kwa vidole vya mkono wa kushoto, Mama akamfinya, na mimi nikatamani sakafu inimeze. Lakini nilifurahi pia, usimwambie.

Tangu siku hiyo sijui niseme ninaishi au ninaelea. Naamka, nakaa barazani, na mchana unapita juu yangu kama kivuli cha wingu. Mashamba ya mpunga yameshafunguliwa maji. Ukipita barabara ya kando ya mto unaona mbingu iko juu na mbingu nyingine iko chini, na nyumba ya Mzee Purdy imesimama katikati bila kushika popote. Ile miti mikubwa ya mtoni inapukutisha pamba zake. Zinaingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai ya baridi, hata nahisi zinaingia kwenye mawazo, maana naanza kuwaza jambo na kabla sijalimaliza limeshapeperuka.

Ningependa nikuandikie hayo tu. Lakini kuna jambo kubwa, na Baba amesema nilieleze vizuri tangu mwanzo, hata yale unayoyajua.

Unajua kuhusu jioni ile. Kengele ya duka la jirani ililia bure, polisi wakaja, na Baba akatoka kwa mlango wa nyuma wa saluni yake na mashine ya kunyolea mkononi. Risasi ikaingia bega la kulia. Yule askari aliyempiga alihamia mji mwingine. Hayo ndiyo ninayoyajua, Shangazi, na yote nimeyasikia kwa watu. Sijayasikia kwa Baba.

Alipoushtaki mji, wakili wake alimwambia asizungumze neno na yeyote mpaka kesi iishe, maana kila neno linaweza kugeuzwa. Baba akishakubali jambo, amekubali. Akanyamaza. Baba huyu huyu, ambaye hadithi ya kupotelewa na kiatu kimoja aliweza kuivuta mpaka vichwa vya watu wote waliokuwa foleni vikanyolewa vikaisha! Miaka miwili sasa anakaa kwenye kiti chake kule saluni, Mzee Purdy ndiye anayenyoa, na mtu akigusia jioni ile Baba anaomba radhi na kwenda kufagia nywele ambazo hazipo. Hata nyumbani. Hata kwa Mama. Nimewahi kuota anasimulia, midomo yake inatembea, lakini sauti inayotoka ni ngurumo ya mashine ya kunyolea.

Mwaka huu mji ulikubali kumlipa ili kesi isifike mahakamani. Kiasi sikiandiki, Mama anasema si adabu. Bima ya mji ndiyo ingetoa sehemu kubwa, na juu ya hilo hapakuwa na ugomvi tena. Ugomvi ulibaki kwenye kifungu kimoja. Kilisema kwamba Baba akishapokea malipo, hatalizungumza jambo lile popote, na mtu yeyote, maisha yake yote. Wakili wa Baba aliomba kitolewe, wakili wa mji akakataa, na ikabidi baraza la mji liamue kupitisha mapatano pamoja na kifungu hicho au bila hicho.

Mama alikuwa amechoka. Alimwambia Baba mezani, mbele yangu, "Lucius, mimi hadithi sitaki. Nataka usingizi."

"Najua, mpenzi."

"Tukienda mahakamani ni miaka mingine tena. Nitazeeka kwenye benchi la mahakama."

"Wakipitisha na kifungu, nitatia saini," Baba akasema. "Sitakuburuta tena." Kisha akakata mkate wa mahindi kwa ubavu wa uma, vipande vidogo vidogo, bila kula hata kimoja. "Ila nitakuwa kama mtu aliyeuza mlango wa nyumba yake. Nyumba bado ni yako, lakini utaingilia wapi?"

Mama akamsogezea siagi.

Kikao kilikuwa Jumanne jioni, na jua lilikuwa bado juu. Kanisa letu zima lilikuja, akina mama na kofia zao za Jumapili. Wakili wa Baba alikuwa na kesi nyingine Little Rock. Alipiga simu akasema msiwe na wasiwasi, jazeni kadi za wasemaji, ikifika zamu yenu semeni. Basi mlangoni kila mtu alichukua kadi. Mzee Purdy akachukua mbili.

"Mbili za nini, wewe?" karani akamwuliza.

"Moja ya kusema, moja ya kujipepea."

Alikuwa na haki, maana kiyoyozi cha ukumbi kimekufa tangu Pasaka. Madirisha yalikuwa wazi, na zile pamba za mtoni zikaingia zikaelea juu ya vichwa vya madiwani, polepole, kama tuko chini ya maji na kitu fulani kinazama kutoka juu bila haraka. Nilizitazama mpaka nikasahau tumekuja kufanya nini.

Unanijua, Shangazi. Mimi ndiye ninayemwomba Mama aniagizie chakula kwenye dirisha la mkahawa, kwa haya niliyo nayo. Ili nisikutane na macho ya watu nikachukua karatasi ya ajenda nikaisoma. Niliisoma yote, mpaka herufi ndogo za chini. Na hapo ndipo nilipoona.

Sehemu ya kwanza iliitwa Mambo ya Kupitishwa kwa Pamoja. Ni yale mambo madogo wanayoyafunga fungu moja na kuyapigia kura moja bila kujadili. Kulikuwa na kukata nyasi za makaburini, matairi ya gari la zimamoto, kufunga barabara siku ya sherehe ya mto, na mwisho, mapatano ya kesi ya Mabry, kesi yetu. Pamoja na kifungu. Sauti za Wananchi, yaani zamu ya wenye kadi, ilikuwa sehemu ya mwisho kabisa.

Nikawatazama watu wetu. Wamekaa wima, kadi zimelala mapajani, wanangoja. Sisi tumelelewa kungoja. Kanisani, hospitalini, benki, mtu anangoja mpaka aitwe, na anaona ni heshima. Wangengoja zamu yao kwa adabu yote, na jambo lenyewe lingekuwa limeshapita mbele ya macho yao.

Nikamnong'oneza Mama, "Mama, watapitisha sasa hivi."

"Tulia, zamu yetu bado."

"Mama, hakuna zamu."

Meya, Bi. Crane, alikuwa ameshaanza kusoma. Anasoma kama mtu anayesali sala ya chakula huku ana njaa. "Nyasi za makaburini, matairi, barabara, mapatano, na kama hakuna anayetaka jambo lolote litolewe kwenye fungu, basi naomba..."

Zile herufi ndogo zilisema mkazi yeyote anaweza kuomba hivyo. Mkazi yeyote. Nilifikiri Baba atasimama, lakini Baba alikuwa anatazama dirishani, naye yuko mbali, na Mama alikuwa ameshika mkono wake. Mzee Purdy alikuwa anajipepea.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kuona kofia zote kwa juu, maua na riboni, kama bustani iliyo chini yangu, nikajiuliza nani amesimama mahali pa juu hivi. Kisha nikasikia mtu anasema, "Naomba la mwisho litolewe."

"Nani amesema?" Meya akauliza.

Nikainamisha kichwa.

"Ni binti wa Mabry, Mheshimiwa!" Mzee Purdy akapaza sauti. "Amezungumza! Karani, andika haraka kabla hajaghairi!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinishika kwapani nisianguke. Meya akaniambia, "Mwanangu, njoo useme kwenye kipaza sauti." Nikaenda. Sakafu ilikuwa laini kama godoro. Nikasema, "Naomba mapatano ya baba yangu yajadiliwe peke yake." Sauti yangu ikatoka kwenye spika za ukutani kubwa kuliko mimi, nikashtuka, nikageuka kuona ni nani.

Meya alivua miwani. "Una haki hiyo," akasema. "Nimekaa kiti hiki muda mrefu, na sijawahi kuona mtu akiitumia."

Basi wakajadili. Wa kwanza alikuwa Diwani Stovall. Unamkumbuka, ndiye shemasi wetu, anayepinga kila matumizi hata ya balbu. "Bima ikilipa leo, kesho inatupandishia ada," akasema. "Nani atalipa? Sisi. Pampu ya maji tumeifunga kwa kamba!"

"Na hata hiyo kamba uliikataa!" mtu akamjibu kutoka nyuma.

"Niliikataa kwa sababu ilikuwa ghali!"

Wakili wa mji, kijana mwenye tai nyembamba, akaeleza kwamba kifungu kile ni cha kawaida, kimo kwenye mapatano ya namna hii kila mahali. Alisema kinaulinda mji na kinamlinda Bwana Mabry pia.

Diwani Pettway, aliyenifundisha kusoma, akamtazama kwa yale macho yake ya darasani. "Kinamlinda na nini, mwanangu? Na mdomo wake?"

"Ni kwa ajili ya amani, Mheshimiwa. Mji usonge mbele."

"Miaka miwili hajasema neno, na mji umesonga. Hebu niambie tumefika wapi."

Kijana yule akatazama karatasi zake. Nilimwonea huruma, ninajua ilivyo kuulizwa swali na Diwani Pettway.

Kisha Meya akasema jambo lililobadilisha hewa ya ukumbi. Alilisema polepole, na hakusoma mahali. "Mwanangu mwenyewe anavaa sare ile ya polisi. Hakuwapo jioni hiyo. Lakini akienda dukani sasa, watu wanakwepa macho yake. Hadithi hii ikianza kuzunguka mjini upya, itamfikia yeye. Mimi ni Meya, lakini ni mama pia, siwezi kusema uongo."

Hakuna aliyemzomea. Mmoja wa akina mama wenye kofia akasema "Mm" kwa sauti ya chini, ile ya kanisani.

Meya akamgeukia Baba. "Bwana Mabry, tukikuruhusu kusema, utasema nini?"

Baba akasimama. Aliusaidia mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mbele yake kama anambeba mtoto. Nilidhani sasa ndiyo itatoka yote, hapo hapo, na nikagundua kwamba nimeziba masikio nusu.

"Mheshimiwa," akasema, "sijui. Sijawahi kujaribu."

Akakaa.

Sijui kwa nini maneno hayo yalifanya kazi kuliko mengine yote. Nilimwona Diwani Pettway akifuta macho kwa ncha ya kidole. Diwani Stovall akakohoa, akajivuta kwenye kiti. "Mimi msinielewe vibaya," akasema. "Hata senti moja nitaikataa. Lakini kama mtalipa, mnalipia bega. Ulimi wa mtu haukuwa kwenye bei. Huwezi kununua ng'ombe halafu ukaondoka na banda."

"Sema, shemasi!" watu wakaitikia.

Wakapiga kura kwanza juu ya kukitoa kifungu. Mikono ilipanda mmoja mmoja, polepole, katikati ya zile pamba. Wawili hawakuinua. Meya ndiye aliyekuwa wa mwisho, na bila yeye kura zilikuwa sawa. Alitazama meza. Sikuwa nampenda Bi. Crane kabla ya siku hiyo, Shangazi, lakini nilimwona akiinua mkono wake kama unapita kwenye maji mazito, na nilijua anamwaza mwanawe, na aliuinua hivyo hivyo.

Kifungu kikatolewa. Kisha wakapigia kura mapatano yenyewe, yakapita, na Diwani Stovall akapinga kama alivyoahidi. Watu wakampigia makofi yeye kuliko wote.

Nje, watu walimzunguka Baba. "Haya, Lucius, tuambie sasa!" Baba akasema kuna kambare wa kukaanga kwa Dada Ola na wanapoa. Tukaenda kula. Jumamosi saluni ilijaa mpaka nje. Hata Bwana Ames, ambaye hana unywele, alikuja kunyolewa. Nilipita na chakula cha Baba, nikakuta wote wamekaa kimya wanamtazama yeye, na yeye anawaeleza habari ya samaki aliyemponyoka mwaka niliozaliwa.

Mzee Purdy akazima mashine. "Lucius, tumekupigania mdomo, na wewe unautumia kwa kambare?"

"Ni wangu, au si wangu?"

"Wako, ndugu yangu, wako. Endelea na kambare."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna kidogo. Nilifikiri, nilisimama mbele ya mji mzima kwa ajili ya samaki?

Jana alikuja barazani akakaa karibu nami. Akasema, "Delphine, mwandikie shangazi yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie yote ya kikao. Halafu mwambie aje."

Akanieleza hivi, na nimejaribu kuyashika maneno yake kama yalivyo. Alisema akiisimulia vipande vipande, leo saluni, kesho kanisani, kila mtu ataondoka na kipande chake, na mwisho yeye mwenyewe hatajua kipi ni chake. Anataka kuisema mara moja, nzima, mezani kwetu, mchana, na wewe ukiwapo. "Verdie alinijua nikiwa siogopi kitu," akasema. "Nikikosea mahali, atanisahihisha."

Nikamwambia kwamba wewe hukuwapo, utamsahihishaje?

"Yeye atajua," Baba akasema.

Nilimwuliza kwa nini asikupigie simu tu. Alisema simu hukatika, na akikatwa katikati hatapata nguvu ya kuanza tena.

Mama alikuwa ndani kwenye dirisha, anasikia. Yule aliyesema hataki hadithi. Alitoka na taulo begani akasema, "Mwandikie aje kabla ya Agosti, Agosti kuna joto." Kisha akakaa kwenye ngazi, mgongo kwetu, na hakurudi ndani.

Basi ndiyo barua hii. Ukipata likizo, hata ya siku chache, njoo. Chumba changu ni chako, nitalala barazani, napenda. Nitakuambia ukweli, Shangazi, mimi naogopa. Nimengoja hadithi hii miaka miwili, nimeisimamia mbele ya kofia zote zile, na sasa sijui kama nataka kuijua. Nikifikiria Baba anafungua kinywa, moyo wangu unapiga kama nimeitwa mimi. Ukija, naomba nikae upande wako mezani. Sitasema kitu. Nitakushika mkono tu, na wewe usiniache niondoke.

Mama anakusalimu, na Mzee Purdy pia, anauliza kama bado hujaolewa tena. Diwani Pettway anasema hajakusahau, hata yale uliyoandika ubaoni. Msalimie sana Jerusha, mwambie naye aje.

Mungu akuinue salama huko kwenye barafu na akushushe salama kwetu, na goti lako lipone kabla ya safari.

Mimi ninayekupenda na kuitazama barabara,
Delphine.